Herufi Iliyong'olewa

Leo nasimulia huku nacheka, lakini siku ile ilipoanza nilikuwa sina hamu hata ya chai. Aliyeanzisha yote ni binti yangu, kwa swali ambalo mtu mzima asingethubutu kuliuliza. Tulikuwa mezani kwa mama, tumemaliza kula, yeye akamkazia macho bibi yake kama anayesoma maandishi madogo.

"Bibi, ulipokuwa unaongea, ulikuwa unaongea kama nani?"

Nikajibu mimi, maana ndiyo tabia yangu kujibu maswali ya wenzangu. "Kama mimi."

Kaka yangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Bonge na hajawahi kulikataa jina hilo wala kulipunguza, akaangua kicheko. "Kama wewe? Wewe unaongea kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mama alikuwa na sauti nzito. Kama ya shangazi."

"Shangazi anakoroma hata akiwa macho!"

"Basi wewe unakumbuka nini? Ulikuwa unasikia kweli, au ulikuwa unafoka tu?"

Tukabishana hivyo, yeye akimwiga mama kwa namna yake, mimi kwa yangu, na hakuna aliyekaribia. Mama alituacha mpaka tukachoka. Shingoni ana tundu dogo ambalo hulifunika kwa kitambaa safi. Madaktari walipomtoa uvimbe walilazimika kukiondoa na kile kinachotoa sauti. Tangu hapo anazungumza kwa makofi na kwa kibao cha chaki kinachoning'inia kiunoni mwake kwa kamba. Kofi moja ni njoo. Mawili ni hapana. Makofi ya mfululizo, tunakimbia wote na kuuliza baadaye.

Akakichukua kibao, akaandika, akakigeuza kwa mjukuu wake.

"Nimesahau."

Binti yangu akasoma kwa sauti, akaridhika, akarudi kwenye ndizi yake. Mimi na Bonge tukatazamana. Mama akaandika tena, polepole, na safari hii kibao akakielekeza kwetu. "Hata ndotoni naongea kwa sauti ya mtu mwingine. Simjui."

Msomaji, lazima ujue huyu ni mwanamke gani. Mama alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, na kazi yake kubwa ilikuwa kuita wagonjwa. Kipaza sauti walimletea, akakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Akiita jina lako kutoka dirishani kwake, unalisikia ukiwa getini. Watu walisema sauti yake ilikuwa na amri, kwamba akiita hata wasiougua walisimama, waliokuja kusindikiza tu, na mlinzi mmoja aliwahi kusimama mara mbili kwa jina ambalo si lake. Mtu kama huyo kuikosa sauti yake hata kichwani mwake, mimi niliona ni dhuluma. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Picha za mama tunazo tele. Sauti hatukuwa nayo, maana simu zetu za wakati ule zilikuwa za kupiga na kupokea tu. Lakini marehemu baba alikuwa na neno lake. Kila tulipomlilia mama baada ya ile operesheni, alikuwa akisema, "Sauti ya mama yenu ipo. Nimeiweka mahali salama." Tulidhani anatufariji, iko moyoni, iko mbinguni, mambo kama hayo. Kisha presha ikamchukua ghafla, akaondoka na maelezo yake.

Siku ile nikiwa kwenye karai la vyombo ndipo nikakumbuka. Baba hakuwa mtu wa mafumbo ya moyoni. Baba alikuwa fundi saa. Akisema ameweka, basi ameweka kitu, mahali. Na mahali pake pa kuweka vitu, miaka yake ya mwisho, palikuwa kompyuta yake, ile yenye kioo chenye kisogo kirefu, iliyokuwa ndani ya gunia chini ya kitanda cha mama.

Bonge akataka kuiwasha palepale. Nikampiga mkono kwa mwiko.

"Usiiguse! Wewe ndiye uliyeua redio kwa kuisafisha."

* * *

Fundi tuliyeelekezwa anaitwa Fundi Taratibu, na jina hilo hakulipata kwa rushwa. Ana kibanda kati ya duka la vioo na duka la magodoro, na humo ndani anavaa tai. Mezani kwake kila skrubu ina kifuniko chake cha chupa. Tuliingia mimi na mama, gunia mikononi, naye akatusalimia, akauliza hali, akauliza hali tena, akampa mama kiti kizuri, akakifuta kwanza.

Nikamweleza shida yetu. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo lililonishangaza, kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Imewashwa tangu ilipowekwa kwenye gunia?"

"Haijawashwa."

"Mungu awabariki," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikashusha pumzi kidogo.

Akafungua sanduku la kompyuta. Vumbi likatoka kama unga. Akachomoa diski, kitu cha chuma kisichozidi kitabu cha sala, akakiweka kwenye kitambaa na kukisogeza kwa vidole viwili. Nikamwambia basi aichomeke kwenye mashine yake tusikilize, twende zetu.

"Dada, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, fundi."

Akatabasamu. "Kwanza tunanakili diski yote kama ilivyo, hata palipo patupu. Halafu hii ya zamani inapumzika, na kazi tunaifanya kwenye nakala. Tukikosea, tumekosea kwenye nakala. Hii ni ya zamani sana. Inaweza kusomeka mara moja tu maishani mwake."

Akaiunganisha kwa waya. Diski ikaanza kuvuma. Kwenye skrini kukatokea mstari wa kijani, ukaanza kutambaa kwenda kulia. Mama aliweka mikono mapajani na kuutazama kama watu wanavyotazama mlango wa chumba cha upasuaji.

Mstari ulifika nusu, ukasimama. Diski ikafanya ka, ka, ka. Fundi akazima kila kitu.

"Imekufa?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ndogo, mimi ambaye mtaa mzima unanijua kwa mdomo.

"Imechoka. Imepata joto. Njooni kesho."

Nilitaka kumrukia. Kesho! Mama akanipiga kofi la mkono, kisha akapiga makofi mawili, hapana, akaelekeza kidole mlangoni. Tukarudi nyumbani. Usingizi usiku ule sikuupata, na asubuhi sikuwa na uso wa kumwonyesha mtu. Nilikuwa nimejipanga kabisa kwa habari mbaya, hata maneno ya kumfariji mama nilishayachagua, na yote yalikuwa ya kipuuzi.

Tulipofika, Fundi Taratibu alikuwa amesimama mlangoni, tai imenyooka. "Imemalizia," akasema. "Ilipopoa ilisoma mpaka mwisho. Yote tunayo."

Nilikaa kwenye ngazi ya duka la magodoro. Mama akanicheka bila sauti, akaingia ndani peke yake.

* * *

Mafaili yaliyokuwemo tuliyapitia haraka. Michoro ya saa, barua kwa kampuni za vipuri, picha za Bonge amelala mdomo wazi, ambazo niliziombea nakala. Sauti hakuna. Hata moja. Nikaona mabega ya mama yakishuka.

"Bado," akasema fundi. "Hayo ni yale yaliyopo. Sasa tutazame yaliyofutwa."

"Yaliyofutwa si yamekwisha? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya hayakumwagika, dada. Yamefunikwa." Akageuza kiti atuelekee, na kumbe kuna jambo moja duniani analoweza kulisema kwa haraka, nalo ni hili. "Mashine hizi za zamani zina uvivu. Ukiziambia futa, hazifuti. Zinang'oa herufi ya kwanza tu ya jina la faili, basi, halafu zinajifanya hazilijui. Faili lenyewe limekaa palepale. Atakayeliua kweli ni yule atakayekuja kukalia nafasi yake. Na hii yenu iliwekwa kwenye gunia, hakuja mtu."

Akabonyeza. Ikashuka orodha ndefu ya majina yasiyo na vichwa. Penye herufi ya kwanza palikuwa na kistari. Tukaanza kuyasoma kama watoto wa chekechea. _ARUA. Barua. _AATI. Mama akaonyesha saa ya ukutani: saati. Baba alipenda kuandika kizamani. _ICHA, hiyo hata mimi niliiweza.

Kisha nikaiona. _AMA.

"Mama!" Nikapiga kelele mpaka muuza vioo akachungulia. "Hiyo hapo! Mama! Fungua!"

Fundi akaweka herufi M, akafungua, kwa mwendo wake. Skrini ikajaa vijumba vyeusi na vyeupe na kete nyekundu.

Dama. Mchezo wa dama. Baba alikuwa akicheza na kompyuta na kumlalamikia mama kwamba inamwibia.

Sijui kama nilikaribia kulia au kutukana. Fundi akatoa pole, akaendelea kushuka na orodha, kimoja kimoja, akisoma kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Hii nayo... umu. _UMU. Humu? Humu ndani ya nini? Au dumu. Mzee alikuwa na madumu?"

"Madumu ya nini? Endelea chini, fundi."

"Lakini ni kubwa, hii. Ni kubwa kuliko..."

Makofi. Ya mfululizo. Nimeishi na makofi hayo, nilikuwa nimesimama kabla sijajua, natafuta moto uko wapi. Mama alikuwa ameshika mdomo kwa mkono mmoja na kwa mwingine anaandika kwenye kibao hadi chaki ikakatika.

"SUMU."

Nikaelewa. Tulipokuwa wadogo, biskuti za nyumbani hazikuwa na maisha. Mama akificha juu ya kabati, mimi napanda. Akificha chini, Bonge anatambaa. Ndipo baba akaja na kopo kubwa la bati, akalibandika karatasi, akaandika kwa herufi za kutisha: SUMU YA PANYA. Tulilipita kopo hilo miaka, tukilizunguka kwa mbali, na jioni watoto tukilala wao wawili wanakunywa chai na biskuti za sumu. Siri hiyo niliijua nikiwa na nyumba yangu mwenyewe. Kitu chochote cha thamani, baba alikiita sumu.

Mama alikuwa akiandika tena. Aliandika, akafuta kwa kiganja, akaandika upya.

"Mimi ndiye niliyeifuta."

Halafu: "Baba yenu alipokufa, redioni walisema kompyuta zinaingiliwa na virusi. Nikakuta faili linaitwa sumu."

Halafu: "Jirani alinionyesha vitufe viwili vya kubonyeza pamoja, kitu kiende moja kwa moja."

"Lakini mama," nikasema, "wewe ulilijua kopo!"

"Kopo la biskuti," akaandika, na machozi yakaangukia kibao, yakaharibu herufi. "Nilisahau kwamba na hii ni biskuti. Usiku ule niliwaza operesheni tu."

Nikamshika mabega. Siyo kwamba nina hekima, mimi hasira zangu ziko karibu na mdomo, lakini sikuwa na hasira hata chembe. Nilichokuwa nacho ni hofu. Nikamtazama fundi, naye akawa ananitazama mimi, kistari kinawakawaka pale mbele ya UMU.

"Programu inataka herufi ya kwanza," akasema taratibu. "Weka yoyote. Hata X. Itafunguka tu."

Makofi mawili. Mama hakutaka herufi yoyote. Alimsogeza fundi kwa kiwiko, fundi mwenye tai yake, akainamia kibodi, akaitafuta S kwa kidole kimoja, akaibonyeza mwenyewe.

* * *

Kwanza kulikuwa na mchakacho tu, kama mtu anayekunja mfuko wa karatasi. Ukaendelea, ukaendelea. Nikaanza kuyakumbuka yale maneno ya kipuuzi ya kufariji.

Kikaja kikohozi. Cha baba. Hakuna mwingine aliyekohoa vile, mara moja na nusu.

"Haya," akasema baba, "sema kitu."

"Kitu."

Sikuitambua. Naapa, kwa nukta moja nilidhani ni mwanamke mgeni kaingia chumbani mwao. Kisha ikaniingia mwilini kama maji ya moto kwenye miguu iliyopigwa na baridi, na nikajua kwamba mimi na Bonge tulikuwa waongo wote wawili.

"Mke wangu, acha mzaha. Kesho ni hospitali."

"Najua kesho ni hospitali. Nimefanya kazi kule kabla wewe hujaujua mlango wake. Chakula kinapoa."

"Basi ita. Ita kama unavyoita kazini."

Kiti kikatoa mlio. "Nimwite nani? Humu ndani tuko mimi na wewe."

"Waite watoto."

Mama akavuta pumzi, ukasikia kabisa anavyoivuta, pumzi ya watu wenye mapafu ya kazi.

"Bongeee! Bonge, zamu yako! Pilipiliii! Wewe Pilipili! Ingia ndani, zamu yako imefika!"

Pilipili ni mimi. Nilikuwa nimeshasimama. Sikuamua kusimama. Kiti kilianguka nyuma yangu, na mdomo wangu, mwanamke mzima mwenye mtoto, ukaitika, "Abee, mama!" Nilipogeuka, muuza vioo alikuwa amesimama mlangoni mwake, na muuza magodoro naye amesimama na tepu yake shingoni, wote wanatazama ndani kama waliosikia majina yao.

Kwenye spika, baba alikuwa akicheka. "Imeingia. Imeingia vizuri."

"Utaiita jina gani?"

"Sumu."

"Sauti yangu ndiyo sumu?"

"Ili watoto wasiiguse. Hawa wanafuta kila kitu waweke michezo yao."

"Na mimi nikija kuifuta je?"

"Wewe?" Baba alisema neno hilo kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akisema mbele yetu. "Wewe unalijua kopo."

Kukasikika mlio mdogo wa kitufe, ikaisha.

Mama alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yanaruka. Nikapiga magoti mbele yake nimwombe asilie. Akaondoa mikono. Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka pumzi inapiga filimbi kwenye kile kitambaa cha shingoni, machozi yanachuruzika na yeye anacheka, ananipiga begani, anaelekeza kidole kwenye spika, pale alipouliza "na mimi nikija kuifuta je", anacheka tena. Na mimi nikaanza. Mzigo niliokuwa nimeubeba tangu mezani, sijui niliutupa wapi, ninachojua ni kwamba nilicheka sakafuni kwa fundi wa watu, katikati ya vifuniko vya chupa.

Alipotulia, akakichukua kibao.

"Nilikuwa na kelele hivi?"

"Zaidi," nikamwambia. "Hapo umejizuia."

Akafuta, akaandika, "Rudia."

Fundi akarudia. Alirudia bila kuulizwa tena, na hakusema haraka haraka haina baraka. Safari ya kwanza ya kurudia mama alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Safari iliyofuata midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na maneno, pumzi kwa pumzi, Bonge, Pilipili, zamu yako, mpaka ukitazama uso wake ungeapa ni yeye anayesema. Swali la binti yangu lilikuwa na jibu sasa. Hakuongea kama mtu yeyote.

Mwishowe fundi akatengeneza nakala, moja ya mama, moja yangu, moja ya Bonge, na moja ambayo alituomba ruhusa aiweke mwenyewe kabatini, kwa usalama. Akaweka vidole kwenye kibodi na kumgeukia mama kwa heshima.

"Mama, sasa faili tulipatie jina linalofaa. Tuandike Sauti ya Mama? Lisije likapotea tena."

Mama alifikiri. Akapiga makofi mawili, hapana. Akakifuta kibao kwa mkono wa gauni lake, vizuri, pembe zote, akaandika kwa herufi kubwa za kutisha, kama zile za kwenye bati: SUMU. Na chini yake, kwa mwandiko wake mdogo wa karani, akaongeza mstari mmoja, akamwonyesha fundi, ambaye hakuuelewa, kisha akanionyesha mimi.

"Mimi nalijua kopo."